Mkaa wa Magunzi Usiopikia

Jua halijapanda vizuri, na Mama Masizi ameshatumbukiza kichwa ndani ya pipa. Anachungulia majivu yaliyoganda chini, anaguna, anayaacha. Kisha anajaza magunzi makavu ya mahindi, anawasha moto, anafunika na kuziba kwa udongo.

"Mkaa huu haupikii hata chai," anasema. "Watu wa chuo wanausaga, wanaupaka kwenye vibati, eti unashika umeme. Mimi naitikia tu. Nitabisha nini?"

Miaka yote aliwachomea majirani mkaa wa jikoni. Ndipo fundi wa maabara ya chuo cha jirani alipokuja akitafuta mkaa wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo umeme hujibanza. Kifaa kinachotengenezwa kwa mkaa huo hujaa chaji upesi kuliko betri.

Gunia la kwanza lilimfurahisha fundi mno. Mama Masizi akapata aibu.

"Mama, wasomi wale tunawapa mkaa wa pipa lenye ukoko?" mkwe wake alimwuliza. Ni msafi kupindukia, mkwe huyo. Wakalisugua pipa kwa mchanga, wao wawili, mpaka likang'aa.

Gunia la pili likakataliwa, umeme haukukaa. Wakasugua zaidi. La tatu likawa baya kuliko la pili.

"Nililia, sifichi," anasema. "Nikijitahidi naharibu, nikizembea napata. Hiyo ni hesabu gani?"

Fundi naye kichwa kilimuuma. Mkuu wake alishamwambia kwamba gunia lijalo likishindwa, watatafuta mkaa kwingine. Akaja kuulizia magunzi, akaulizia moto. Yote yalikuwa yale yale.

"Mama, kuna kitu umeongeza?"

"Sijaongeza, mwanangu. Nimepunguza uchafu tu."

Fundi akaacha kuandika. "Uchafu gani?"

Majivu ya siku nyingi, akamweleza. Fundi anahisi chumvi iliyomo kwenye majivu, ikikutana na moto mkali, ndiyo inayotoboa vile vitundu. "Nahisi tu," anasisitiza. "Siwezi kuapa."

Ndiyo maana leo pipa halijasuguliwa.

Siku ya majibu ya gunia hili la nne, Mama Masizi anakaa maabarani, mikono mapajani. Fundi anaunganisha vibati vilivyopakwa mkaa na kitaa kidogo, anavijaza chaji, kisha anachomoa waya wa ukutani. Kitaa kinaendelea kuwaka. Mama Masizi anainama kuangalia chini ya meza.

"Waya mwingine uko wapi?"

"Haupo, mama. Ni mkaa wako."

 Amefurahi, lakini hajaelewa, na kuuliza si ujinga. Anamwomba fundi amweleze tena, polepole, na fundi anakubali kumfundisha kila atakapoleta gunia. Mama Masizi anataka siku moja yeye mwenyewe aweze kumweleza mkwe wake.

"Ila hilo litachukua muda," anasema akiinuka upesi. "Kwa sasa wacha niwahi nyumbani. Nimemwacha mkwe peke yake na pipa."