Nilivyopata mtama kwa udongo wa chumvi Kambi Muru, kwa kulowesha mbegu kwanza

Niaje wakuu. Hii siyo ya kusikia, ilinipata mwenyewe miaka ya sabini huko Kambi Muru, mtaa wa Kibera.

Nilikuwa bibi mpya, nimetoka Western kumfuata mzee wangu, fundi wa mawe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kashamba, landlord akaniruhusu nilime.

Shida ni udongo. Kwa miaka watu walimwaga hapo maji ya kufulia na jivu. Jua likiwaka, juu panakuwa peupe kama pamenyunyiziwa unga. Nilionja, ni chumvi kabisa. (Ndiyo, nililamba udongo, cheka tu.)

Mahindi yangu yakatoka manjano, yakakauka. Landlord, ambaye alikuwa anaishi Gatina kule Kawangware, akaniambia, "Mama, mvua ijayo kama hakuna kitu, najenga vyumba hapa."

Niliumia. Hako kashamba ndiko kalikuwa kananipunguzia kukumbuka nyumbani.

Jirani yangu Mama Akinyi, mtu wa upande wa ziwa, akaniuliza, "Kwani unapanda mbegu kavu?"

"Sasa nipande aje?"

"Kwa chumvi mbegu inashindwa kunywa maji. Inyweshe nyumbani kwanza. Na wachana na mahindi, panda mtama."

Tukalowesha mtama kwa sufuria jioni. Asubuhi tukamwaga maji, tukauanika kivulini ukakauka juu tu, maji yakabaki ndani. Usizidishe, ikianza kutoa mizizi umeharibu.

Mzee wangu akachungulia sufuria: "Leo tunakula chakula ya kuku?"

Mvua ikaja, tukapanda. Mstari mmoja tuliweka mbegu kavu, just to compare. Zile zilizolowa zilitangulia, zikasimama vizuri. Zile kavu zilitoka moja moja kama meno ya mtoto. Karibu na mtaro wa maji ya kufulia, penye chumvi nyingi zaidi, hakuna kitu kiliota, siwadanganyi.

Siku moja landlord akaja na fundi wa kupima vyumba. Akakuta mtama umefika kiunoni. Akazunguka, akashika majani, akaondoka na fundi wake kabla ya kupima. Sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata akarudi peke yake, na kikopo cha mahindi ndani ya koti.

"Mama, hata kwangu Gatina kuna mahali peupe. Hizi zinalala kwa maji usiku mzima?"

Vyumba alijenga, lakini kwingine.

Nilichojifunza: chumvi haikuisha, ni mbegu tu ilipata head start. Wakati mwingine hiyo inatosha.

Kuna mtu amejaribu na ngano ama mchele? Niambieni iliendaje, hata kama ilikataa.