Sura ya Nne Iliyofunga Ugoro

Saa tatu na robo asubuhi nilinunua ugoro wa hela tatu katika duka moja la mtaa wetu wa Kikuyu, hapa Ugogo, nikakuta umefungwa ndani ya sura yangu ya nne. Niliutambua mwandiko wangu kabla ya kuyasoma maneno. Nikaumimina ugoro mfukoni, nikaikunjua karatasi, nikasoma hadi pale wapagazi wanapofika kisimani. Kisha nikaomba ugoro mwingine. Ukaja na sura ya sita.

Enzi hizo za utawala wa Wadachi, hela mia zilipokuwa rupia moja, nilikuwa mpima mizigo stesheni, na jioni nilikuwa na kazi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa hadithi ndefu ya njia ya misafara, iliyonichukua miaka minne. Ya pili ilikuwa na kichwa tu. Mchapaji mmoja wa pwani alikubali kuichapa ile ya kwanza, mradi apate nakala safi na arubuni ya rupia kumi kabla ya mavuno. Ili kuokoa gharama ya posta, nilimkabidhi nakala na arubuni mwenye duka hilo la ugoro, Mnyamwezi aliyeshuka pwani kila mwezi kuuza ngozi. Aliporudi alisema mchapaji ameshapokea.

Nikaziweka zile karatasi mbili juu ya mizani yake.

"Eh, mtani," akasema. "Karatasi yako nzito. Haivuji hata kidogo."

"Nilikupa upeleke kwa mchapaji."

"Babu zenu walikula hongo yetu miaka mingapi? Leo inarudi kidogo kidogo."

"Na rupia kumi?"

"Hiyo ndiyo riba yake."

Wateja wakacheka. Ni kweli babu zake, wapagazi, waliwalipa babu zangu Wagogo hongo, ule ushuru wa njia, ili wanywe maji ya Ugogo. Ugomvi ule ndio uliozaa utani wetu. Mtani akichukua kitu chako, unacheka; ukishtaki, unajiaibisha. Mimi nilishtaki kwa jumbe, mkuu wa mtaa wetu. Jumbe akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kwani hujui huyu ni mtani wako?" akaniuliza. "Nenda, kangoje zamu yako."

Nikaenda kungoja. Nilinunua karatasi na wino, nikaanza kunakili upya kutoka kwenye rasimu. Nilipochoka kunakili, niliigeukia kazi ya pili, ambayo sasa ilikuwa imempata mhusika wake: muuza ngozi anayebonyeza mizani kwa kidole gumba na kufungia bidhaa kwa karatasi yoyote asiyoinunua. Nilimbadilishia kijiji tu. Sijapata kuandika kwa urahisi namna ile. Hasira iliyopangiwa saa yake hufanya kazi kama mfanyakazi mwema.

Mtama ulipoanza kushika punje, mjomba wa mwenye duka alifariki huko kijijini Mkonze. Sikuwa na ugomvi na marehemu. Nilivaa kanzu safi, nikafika makaburini kabla ya jeneza, nikashuka ndani ya kaburi, nikaketi. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo watani wafanyavyo, na hawatoki mpaka wafiwa wawakomboe kwa pesa. Walichoshangaa ni karatasi.

Nikasoma ukurasa wa kwanza wa ile kazi ya pili, polepole. Nilipofika kwenye kidole gumba, waombolezaji waliinamisha nyuso, mabega yao yakitikisika kwa kicheko.

"Toka humo, mtani," akasema mwenye duka. "Marehemu anachomwa na jua."

"Marehemu hana haraka. Mwenye haraka ni wewe, ngozi zako zinangoja gari la moshi."

"Unataka nini?"

"Rupia moja kwa kila ukurasa nisiousoma."

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Kumi na mbili. Nina mwandiko mdogo."

Shangazi yake akadakia: "Mwacheni asome! Hata marehemu alimjua mpwa wake."

Mwenye duka akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Akazihesabu rupia moja moja kwenye kiganja changu, mimi nikiwa chini, yeye amepiga magoti ukingoni, udongo ukimwingia mikononi. Nilimwacha apige magoti hadi ya mwisho.

Kesho yake nilipeleka posta nakala mpya na arubuni nyingine. Mchapaji alijibu kwamba vimefika kwa wakati. Kazi ya pili niliiendeleza, na muuza ngozi wangu hakuwa na kitu kizuri kilichomngojea mbele. Nilipiga hesabu: arubuni iliyoliwa, karatasi, wino na posta, nikaondoa malipo ya kaburini. Mama mkwe wa mtani wangu alikuwa bado hai, mzee sana, nami nilikuwa nikimjulia hali kila wiki, kwa sababu hasara yangu ilikuwa bado rupia moja na hela arobaini.