Dobi aliyeambiwa amenawiri, kumbe tezi imenyamaza

Saa moja asubuhi, dobi wanayemwita Mama Mvuke anachovya ncha ya kidole kwenye maji na kugusa uso wa pasi. Inachachatika. "Imeiva," anasema, na kuvuta shuka ya kwanza mezani.

Anapiga pasi ameketi. Katika chumba hiki cha kufulia, nyuma ya nyumba ya wageni, wenzake wote wamesimama. "Malkia yuko kitini," wanamtania. Anacheka, mkono hauachi kwenda. Mwaka jana alianguka juu ya meza hii hii, pasi ikaunguza shuka, na nusura imuunguze yeye. Sasa anafanya nusu ya kazi kwa nusu ya mshahara.

Kilichomwangusha kilianza na neno moja: kukonda.

Ni mwembamba tangu usichana wake. Kila ukoo ulipokutana, wifi yake, dada wa mumewe, alimpokea vilevile. "Wifi, kaka yangu anakunyima chakula, au mnashindana kufunga?" Watu walicheka, naye alicheka.

"Mzaha wa wifi una mwiba," anasema. "Unacheka pale pale, mwiba unautoa ukifika nyumbani."

Mwenzake mmoja akamnong'oneza kuhusu vidonge vya kunenepesha, vyeupe, vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Muuzaji alisema ni vitamini. Akavimeza miezi kadhaa. Hamu ya kula ikaja, mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo kama sahani.

"Sasa umenawiri, wifi," wifi akamwambia mbele za watu. "Sasa tunaona kaka ana mke."

Hapo ndipo penye mtego, akina mama mnaosoma haya. Hakuwa amenawiri. Alikuwa amevimba. Tumbo lilitangulia, miguu ikabaki vijiti, na akigongwa kidogo tu ngozi inavilia damu. Alipoyaona hayo aliogopa, akaacha vidonge siku hiyohiyo bila kumwambia mtu.

Nani angemlaumu? Kibaya ukikigundua, unakitupa. Lakini kwa dawa hizi, kuacha ghafla ndiyo hatari yenyewe. Siku chache baadaye akashikwa na kizunguzungu, akatapika, magoti yakalegea. Akaanguka mezani.

Hospitalini daktari alimweleza taratibu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ndani ya chembe hai zake kuna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza homoni inayoupa mwili nguvu za kuhimili njaa, homa na misukosuko. Jeni hizo haziamki zenyewe. Ubongo hutuma ujumbe kupitia damu. Ujumbe ukifika, jeni zinawashwa na homoni inatengenezwa. Homoni ikitosha, ubongo hupunguza ujumbe, na jeni nazo hupunguza kazi.

Vile vidonge vilikuwa na dawa inayofanana na homoni hiyo. Ubongo ukaona damu imejaa homoni, ukanyamaza. Miezi ikapita, jeni kimya, tezi ikasinyaa. Vidonge vilipoachwa, hakukuwa na wa kuziba pengo.

"Kwa hiyo jeni zangu zimekufa?" dobi aliuliza.

"Ni nzima, mama. Hazijaitwa tu."

Neno hilo lilimwingia. Kabla ya kuajiriwa alikuwa kibarua, akingoja getini kila asubuhi kuitwa.

"Namjua mtu asiyeitwa," anasema. "Mwanzoni anawahi. Akikaa sana, siku ukimwita hata viatu hajui viko wapi. Hugombi. Unamwita polepole mpaka azoee."

Ndivyo anavyotibiwa. Kila asubuhi anameza dawa ya homoni hiyo aliyoandikiwa, na daktari anaipunguza kidogo kidogo ili ubongo uanze tena kuita. Kila ikipungua, viungo vinauma na kitanda kinamvuta. Akishikwa na homa, haraka hospitali. Tezi yake bado haiwezi kuongeza homoni yenyewe. Katika kipimo cha kwanza cha kuona kama imeamka, tezi haikujibu kitu. Cha pili ilijibu kidogo. Cha tatu ni kesho.

Uso nao umerudi kuwa mwembamba.

Mlango unasukumwa. Wifi mwenyewe anaingia, mkoba kwapani.

"Wifi, umepukutika tena. Nasikia kwa wenzako ulinenepa kwa vidonge. Ulivipata wapi? Binti yangu anaolewa, naye ni ufito mtupu. Ana vichache vya aina hiyo, navyo vinakaribia kuisha."

Dobi anaisimamisha pasi. "Ameshaanza kumeza?"

"Tangu tulipopanga siku ya harusi. Mbona unanikazia macho?"

"Ule uso uliousifu ulikuwa ugonjwa, wifi. Ndio ulioniangusha hapa."

"Ulituambia ni uchovu."

"Niliona haya."

Wifi anatazama meza. "Mimi nilikuwa natania tu."

"Najua. Na mimi nilikuwa nacheka tu."

Pasi inafuka pembeni.

"Basi nikimkuta nyumbani navitupa vyote," wifi anasema, sauti imeshuka.

"Usivitupe, na usimwachishe mwenyewe. Leo hii mpeleke kwa daktari, na vidonge mkononi vikiwa kwenye karatasi yake. Waambie amemeza tangu lini. Wao ndio watakaompunguzia."

"Watatugombeza."

"Watagombeza, kisha watatibu. Nenda, nakuja. Namalizia hii niombe ruhusa."

Anakunja shuka pembe kwa pembe, anazima pasi na kufungua kitambaa kiunoni. Kesho kipimo chake kinaweza kusema tezi imeamka, au kwamba bado.

"Ikisema bado, nitaendelea kumeza na kungoja," anasema akivaa viatu. "Lakini tezi ya huyu mtoto huenda haijalala sana. Nataka tuiwahi."