Nenosiri Lililofungua Kila Kitu

Jamani, sikieni yaliyonikuta. Mwalimu wa kompyuta wa shule yetu hapa Kilosa alinituma nijaribu programu za kutunza manenosiri ya ofisi, ili bodi ichague moja. Kiherehere changu! Ile niliyoipenda ilitaka nenosiri kuu la kufungulia mengine yote. Nikaweka la utani, nikasahau kulibadilisha.

Jana wajumbe wa bodi wakafika kutoka Mikumi. Mkuu wa shule akashika kibodi mwenyewe.

"Haya, mtaalamu, taja nenosiri."

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba niandike mimi."

"Umeshaniamkia asubuhi. Taja, wageni wanasubiri!"

Nikajiona nafukuzwa shule mchana kweupe.

"Kitambi cha Mkuu," nikanong'ona. "Bila kuacha nafasi."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Programu ikafunguka. Wajumbe wote wakaliangalia tumbo lake.