Mstari wa Modest na Mvua ya Bashay

Modest alisoma kompyuta mwaka mmoja Arusha, akarudi Bashay na miwani ambayo hakuna daktari aliyemwandikia. Kampuni moja ndogo ya Mbulu mjini ikampa kazi ya majaribio: alinde dishi linalopokea mtandao kutoka mjini, ng'ambo ya bonde, na kuupeleka shuleni na zahanati. Bosi wake, Sylvester, alimwambia wazi kwamba mtandao usipokatika kwa uzembe hadi mahindi yavunwe, atapata ajira ya kudumu. Ukikatika, akalime kwa mama yake.

Modest hakuwa mjinga wa kazi. Alipakua programu ya bure, akaiweka kwenye kompyuta ya kampuni kule mjini, ikawa inapima dishi la Bashay kila dakika na kuchora mstari. Mstari ukiwa juu, mambo mazuri. Ukishuka, kuna shida. Sylvester aliuona mezani kwake, Modest aliuona kwenye simu. Kilichobaki ni kwenda kila alasiri kwenye chumba cha mitambo ya dishi, nyuma ya mashine ya kusaga, na kuunganisha betri ya pili, maana ile ya kwanza haikufika jioni.

Mvua za kwanza ndizo zilizomharibu. Aligundua kwamba mvua ikianza kule bondeni inaziba njia ya mawimbi, na mstari unalegea kabla tone halijafika Bashay. Mwenye akili angefurahi kimya kimya. Modest alibeba simu hadi kilabuni kwa Mama Efrazia, akawapita wazee bila shikamoo, akamwekea Mzee Tluway simu chini ya pua. Huyo ndiye mzee aliyeulizwa habari za mvua tangu Modest hajazaliwa.

"Wewe unatazama mawingu," alimwambia, "mimi natazama mstari. Ukishuka, mvua inakuja. Pumzika sasa, umezeeka."

Mzee aliendelea kunywa pombe yake. Modest akadhani ameshinda.

Kisha mvua ikakata. Mahindi yakajikunja majani, na mstari ukanyooka kama fimbo. Watu walipita na madumu matupu wakamkuta Modest anaitazama simu na kutabasamu, maana kwake mstari ulionyooka ni ajira. Tabasamu lile walilitunza.

Siku moja alipotoka kunywa chai alikuta akina mama wameketi mlangoni pa kile chumba, Efrazia katikati, miguu wameinyoosha, wanachambua maharage. Ndivyo wanavyomfanyia mwanamume aliyekosa adabu. Hawapigi kelele, wanakaa tu. Na hakuna mwanamume anayeruka miguu ya mama zake. Hata mlevi anazunguka.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba nipite."

"Marahaba. Leo umeikumbuka," alisema Efrazia. "Tunasubiri mstari ushuke, mwanangu. Si ulisema ukishuka mvua inakuja?"

Modest akaanza kuwafundisha kwamba mvua ndiyo inayoshusha mstari, mstari hauleti mvua.

"Tunajua. Sisi si ng'ombe. Nenda kamwambie hivyo Mzee Tluway, ukishamwamkia."

Kwa Tluway palikuwa pale pale, moshi wa jiko lake unaonekana. Lakini miwani ilikuwa mizito. Modest akajiambia hawa wana vyungu vinawasubiri, watachoka. Akakaa juu ya jiwe. Akawanunulia soda, wakanywa, wakarudisha chupa. Akamwomba mwenye mashine aseme nao. Yule akazima mashine ili asikie vizuri, akavuta kiti.

Alasiri ikafika. Betri ya kwanza ikaanza kuishiwa, na Sylvester akapiga simu kuuliza kulikoni.

"Nipo nje, bosi. Kuna akina mama wamekaa mlangoni."

"Waambie wasogee."

"Siwezi, bosi."

"Basi kaa nao."

Mstari ukaanguka. Hapo ndipo miguu ya Modest ilipopata mbio. Alifika kwa Mzee Tluway anahema, akatoa shikamoo, na mzee akamwacha amesimama nayo mpaka pumzi ikatulia.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Mstari umeshuka?"

"Umeshuka, babu."

"Mvua inakuja?"

"Hapana, babu. Ni betri tu."

"Haya. Karibu uketi."

Hakuketi. Aliporudi, akina mama walikuwa wameshakung'uta khanga zao na kwenda kupika, mlangoni peupe. Akaunganisha betri, mstari ukapanda, mzuri kabisa. Ujumbe wa Sylvester ukaingia hapo hapo: funguo aziache kwa mwenye mashine.

Aliyeletwa badala yake ni Kelvin, kutoka Tlawi. Kabla hata hajashusha begi, aliuliza kwa Mzee Tluway ni wapi, akaenda kuamkia.

Modest analima shamba la mama yake, lile lililopakana na njia ya kilabuni. Wingu likijitokeza, wapitao husimama pembeni ya mahindi yale yaliyokauka.

"Injinia," Efrazia humwita, kwa upole kabisa, "mstari unasemaje?"

Modest huinamia jembe. Wingu, mara nyingi, hupita tu.