Imeili ya Mzee

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Ukiniuzia nyama nitaipima tena kwangu, na ukinisifia nguo nitakuuliza unataka nini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipofungua simu kuangalia picha za baba nikakuta hazipo, sikusema simu imeharibika. Nilisema kuna mtu.

Wacha nieleze hiyo imeili kwanza, la sivyo mtadhani nina wazimu. Baba alifanyia kanjo, yaani baraza la jiji, kazi mpaka akazeeka, na alipostaafu akaambiwa lazima awe na imeili ndiyo afuatilie pensheni. Akafunguliwa moja pale saiba, kwenye duka la intaneti, akaitumia mara hiyo, akaisahau. Lakini sisi wengine hatukuisahau. Kila tuliponunua simu, muuzaji akiuliza, "Uko na imeili?" tulijibu, "Weka ya mzee." Kaka yangu aliweka ya mzee, mke wake akaweka ya mzee, na mimi vilevile. Ilikuwa kama bomba la maji la ploti ya wapangaji, liko moja na kila mtu anateka hapo. Neno la siri lilikuwa jina la kijiji chetu kule magharibi, ambalo hata kuku wa nyumbani wanalijua.

Ndivyo picha za familia nzima zilivyokwenda kukaa mahali pamoja huko hewani. Kila simu ilikuwa ikizionyesha zilezile, na mmoja akifuta, zinafutika kwa wote. Hatukuwahi kujali mpaka baba alipofariki. Zilikuwemo za mazishi, za Krismasi, za harusi ya kaka, na za baba mwenyewe kwenye kiti chake nyumbani Jericho. Zilikuwemo pia video chache ambamo anaongea. Hizo nilizipiga mimi, na hazikuwa kwingine kokote, maana simu niliyozipigia iliibiwa sokoni Gikomba. Sauti ya baba yangu ilikuwa imebaki hapo tu.

Zilianza kutoweka za mazishi. Halafu harusi. Si moja moja, jamani, ni mamia, mwezi mzima unaondoka, kisha na unaofuata. Nikakimbilia lile pipa la simu wanaloliita Tupio, nikakuta zimelala humo zote. Vitu hukaa kwenye Tupio kwa muda kabla ya kupotea kabisa, lakini mwenye roho mbaya anaweza kulimwaga papo hapo. Nikazirudisha za mazishi kwanza. Kesho yake nikitazama, hazipo tena! Mtu amezirudisha kwenye takataka, na ameongeza nyingine juu. Huyu hakuwa amekosea kidole. Huyu alikuwa kazini.

Na nilimjua. Wifi yangu, huyo mke wa kaka anayekaa Shauri Moyo, alisema, hata matanga hayajaisha, kwamba picha zimejaa hata za watoto wake hazina pa kuingia. Nilimsikia kwa masikio yangu. Wakati ule nilimeza tu, kwa sababu wageni walikuwa bado wanakunywa chai. Sasa nikafungua ile sehemu inayoonyesha simu zote zilizoingia kwenye imeili ya mzee. Yangu ilikuwepo, ya kaka, na mpya ya wifi. Chini yake ilikuwepo ya zamani ya wifi, ile yenye kioo kilichopasuka, ambayo aliniambia kwa mdomo wake kwamba haitumii tena. Imetumika leo. Nikapiga makofi peke yangu jikoni. Simu isiyotumika imetumika leo!

Nikampigia.

"Wifi, habari ya Shauri Moyo?"

"Mzuri sana, wifi. Umepotea!"

"Niko. Hebu niambie, ile simu yako ya zamani iko wapi?"

"Ile? Ile nilipeana."

"Ulimpatia nani?"

"Ah, wifi, si mtu tu. Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu."

Mtu tu. Nilikata simu kwa hasira. Nikabadilisha neno la siri, nikaweka ambalo kuku hawalijui, kisha nikazitoa simu zote nje ikabaki yangu peke yake. Tupio nililiacha kama lilivyo, liwe ushahidi. Kaka akapiga akilalamika, nikamwambia, "Ngoja kwanza, ninashika mwizi." Nilitaka wifi apige mwenyewe. Nilijua akikuta mlango umefungwa atajileta, na maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Hakupiga. Aliyekuja ni mama.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, kwa miguu kutoka Jericho mpaka kwangu Makongeni, na magoti yake yale. Hakungoja hata maji ya kunywa. Alifungua kiondo, akatoa leso iliyokunjwa, na ndani ya leso akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Hebu angalia hii kitu, mama," akaniambia. "Baba yenu ametoka humu ndani."

Nilikaa chini. "Hiyo simu umetoa wapi?"

"Wifi yako alinipatia. Nikamwambia asikuambie, maana wewe ungesema tu nitaporwa." Ningesema hivyo, kweli. "Alinifunza vizuri. Unafinya moja, unavuta kidole chini, zinashikana zote, halafu unatoa."

"Mama. Ni wewe umekuwa ukifuta picha?"

"Sijafuta mimi! Nachambua." Akanionyesha kwa vidole, vile anavyofanya na maharagwe kwenye sinia, anasukuma mawe pembeni. "Natoa hizi mbaya ndiyo ibaki ile nataka. Halafu natoa, nikiamka zimerudi. Nikasema hii simu iko na mapepo, nikatoa tena."

"Mbaya gani, mama? Harusi ya mtoto wako ni mbaya? Kule mzee amevaa suti!"

"Ana suti, ndiyo." Aliniangalia kama mtu anayemweleza mtoto mgumu. "Lakini hapo amenyamaza. Zote amenyamaza. Wifi yako aliniambia humo ndani kuna mahali anaongea, na mimi natafuta hapo. Nimetoa nyingi sana, na bado amenyamaza tu."

Kumbe hakuna aliyemwambia kuhusu ile alama ndogo ya pembetatu, unayoifinya ndiyo video icheze. Kwake video ilikuwa picha kama picha nyingine. Aliiangalia, akaona mdomo wa mume wake hausogei, akaitupa pamoja na zile zilizonyamaza. Sauti aliyokuwa akiitafuta alikuwa akiitupa kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nimemfungia nje nikingoja mwizi.

Nilivuta kiti karibu yake, nikafungua Tupio kwenye simu yangu, nikaanza kushuka nalo. Tulipita makaburini, tukapita harusini, mama akisema, "Hapo kimya, hapo kimya, endelea." Niliogopa muda wa nyingine umeshaisha. Halafu nikaona pembetatu moja. Nikairudisha, nikampa mama simu, nikamwambia afinye katikati.

Baba alikuwa kwenye mlango wa jikoni kule Jericho, na fulana ya ndani, mkono kiunoni.

"Mama watoto," akasema, "hiyo ugali inaiva leo ama nikalale?"

Mama alishtuka mpaka simu ikataka kumponyoka. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake.

"Si ukae chini, mzee," akaijibu. "Naleta."