Mguu Mpana wa Suruali

Mtaa mzima ulimwita Futi, kwa kuwa futi kamba yake haikumtoka shingoni hata akiwa mezani anakula. Alikuwa fundi cherehani mwenye jicho kali, jamani: ukinenepa kidogo tu, anakuambia kabla mkeo hajaona.

Basi ulipomwota uvimbe kwenye paja, usiouma wala kuwasha, Futi alifanya anachokijua. Suruali ilipobana, aliufumua mshono upande ule, akaachia kitambaa kidogo, akashona upya. Ikabana tena, akafumua tena. Mtu mwingine angeshtuliwa na suruali, akaenda hospitali. Yeye ufundi wake ndio uliomponza. Mkewe aliwahi kumuuliza mbona mguu mmoja wa suruali ni mpana kuliko mwenzake, akajibiwa kwa kicheko kwamba hajui mitindo. Yakaishia hapo.

Leo wameketi mbele ya daktari, Futi kajifunga shuka la hospitali, suruali kaipakata. Daktari, mama mmoja mpole, amekwisha kuwaambia: ni saratani ya aina adimu, imeanzia kwenye misuli, na mguu hauna budi kukatwa. Mke akauliza wanayouliza wengi. Inaambukiza? Haiambukizi. Watoto wataipata? Mara nyingi hairithiwi. Au ni kule kukanyaga cherehani miaka yote? Daktari alisema hapana, aina hii kwa kawaida chanzo chake hakijulikani, wasimtafute wa kumlaumu.

Futi alikuwa anapapasa mshono. Swali lake lilikuwa moja tu, na jibu lake alikuwa analiogopa.

"Ningekuja mapema, daktari?"

Daktari hakumficha. "Uvimbe ungekuwa mdogo, mzee wangu. Huenda tungeutoa uvimbe peke yake, tukakuachia mguu."

Mke akamgeukia mumewe, akamuuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa anajua kuwa uvimbe unakua. Futi aliigeuza suruali ndani nje, akamwonyesha. Matundu ya sindano yalikuwa yamepangana, mshono wa zamani kando ya mwingine, mpaka pale kitambaa cha kuachia kilipokwisha. Hakuweza hata kumtazama usoni.

"Si nilikuuliza, baba watoto?"

"Uliniuliza," alisema Futi. "Nami nikakucheka."